Orodha ya Maneno Magumu Sikupi

Wadogo zangu, wiki hii nimekaa na barua ya mdogo wetu wa kidato cha tatu, Dakawa, wilayani Mvomero. Anasema ana kaunta buku alilorithi kwa kaka yake, limejaa maneno magumu ya Kiingereza, kila neno na maana yake ya Kiswahili pembeni. Anakariri usiku, asubuhi hakuna kitu. Anaomba nimpe orodha nyingine, "yenye maneno ya juu zaidi."

Orodha sikupi, mdogo wangu. Nakupa kazi, nayo ni kubwa kuliko kukariri.

Tuanze na hilo kaunta buku. Umenitajia maneno unayojivunia, mojawapo "loquacious", yaani mtu mwenye maneno mengi. Sawa, lakini niambie: umewahi kulikuta kwenye kitabu cha Jiografia? Kwenye karatasi ya Biolojia? Halafu katika insha uliyoambatanisha umeandika "big rain" na "open the radio". Nakuelewa kabisa, maana Kiswahili chetu kina mvua kubwa na redio hufunguliwa. Wenye Kiingereza chao husema "heavy rain" na "turn on the radio". Anayesahihisha mtihani ataziona hizo mbili kabla hajafika kwenye "loquacious" yako.

Neno la juu si lile ambalo wenzako hawalijui. Ni lile linalokusaidia katika kila somo: "retain", "decline", "sufficient", "contribute", "distinguish", "despite". Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichambua maandishi ya kitaaluma ya sheria, sayansi, biashara na fani nyingine, akapata familia 570 za maneno yanayojirudia kote. Peke yake zilibeba karibu asilimia 10 ya maneno yote aliyoyachambua. Ninaposema familia nina maana hii: ukijua "irrigate", chukua pia "irrigation" na "irrigated", zote zikae ukurasa mmoja. Wewe unayeishi jirani na skimu ya mpunga inayokunywa maji ya mto Wami, familia hiyo ni ya nyumbani kwako.

Sasa, kwa nini asubuhi hakuna kitu? Kwa sababu umeandika "reluctant – kusita" ukaishia hapo. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, ile ya 1996, ni mlango mzuri wa kuingilia, na siku zote naipendekeza. Ila ukishaingia, endelea mbele. Tafuta kamusi ya wanaojifunza, kama ile ya A. S. Hornby, mwalimu aliyefundisha Kiingereza Japani na kuona wanafunzi wanajua maana ya neno lakini hawajui linatumikaje. Au ya Longman, ambayo tangu toleo la 1978 hufafanua maneno yake yote kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Soma ufafanuzi, funga kamusi, kisha uandike wako kwa Kiingereza chepesi. Usinakili. Mimi ningeandika hivi: "Reluctant – not willing to do something, and slow to begin it."

Kisha sentensi, na hapa ndipo wengi wenu mnaponiangusha. Mnaandika "He was reluctant" mnaweka nukta. Sentensi hiyo haisemi lolote. Funika neno kwa kidole: "He was…" Alikuwaje? Mgonjwa? Mrefu? Tajiri? Chochote kinaingia. Jaribu hii: "My aunt was reluctant to sell her rice at harvest time, because the price usually rises later." Funika tena. Hata asiyejua neno atabashiri kwamba shangazi hakutaka kuuza upesi. Sentensi ya mfano ni nzuri pale inapomlazimisha msomaji aelewe neno lililofichwa. Kipimo hicho kitumie kila mara, na mwenzako akufunikie, maana wewe mwenyewe utajionea huruma.

Umeona pia kwamba shangazi anauza mpunga, hauzi tufaha? Sitaki kuona London wala theluji kwenye daftari lako mpaka Dakawa iishe. Tazama: "Yield – the amount of crop that a field gives. The yield falls when farmers weed too late." "Scarce – not enough for everyone who needs it. Grass becomes scarce in the dry season, so herders bring their cattle closer to the river." "Deteriorate – to become worse little by little. An earth road deteriorates quickly when loaded lorries use it during the rains." Na moja yenye tarehe, ambayo wazazi wako wanaikumbuka vizuri: "Disrupt – to stop something from going on as usual. In January 2014 floods damaged the bridge at Dumila and disrupted travel between Morogoro and Dodoma." Kila ukipita Dumila neno hilo litakuita lenyewe. Sentensi iwe ya kweli, ya mahali unapopajua. Ubongo hushika kile chenye sura.

Unalalamika kwamba Dakawa hakuna vitabu vya Kiingereza. Nakubali ni vichache, na ukipata nauli ya kwenda mjini Morogoro, ingia maktaba ya mkoa ukae nusu siku. Lakini leo jioni nenda duka la pembejeo, uombe kusoma lebo ya dawa ya magugu. Utakutana na "dilute", "residue", "harmful if swallowed", "keep out of reach of children". Soma upande wa Kiswahili, urudi wa Kiingereza, linganisha. "Dilute – to make a liquid weaker by adding water." Kemia utalikuta hilohilo, na huku shambani linaokoa afya ya anayepulizia. Sijui neno gani la orodha ya kaka yako linafanya kazi hizo mbili kwa pamoja.

Sasa nisikilizeni nyote, hasa mnaojiandaa na kidato cha nne. Yapo maneno machache ya mtihani ambayo yasipoeleweka, hata mwenye akili nyingi anakosa alama: "outline", "explain", "assess", "justify", "distinguish", "account for". Chukua swali kama hili: "Account for the decline of sisal farming in Tanzania." Mwanafunzi anaona "account", anadhani anaambiwa asimulie habari. Anaanza na Mjerumani Richard Hindorf kuleta mkonge mwaka 1893, anaeleza mashamba ya Tanga na Morogoro, anajaza kurasa mbili, na kila alichoandika ni kweli. Lakini aliulizwa sababu. "Account for" ni toa sababu: nyuzi za viwandani zilizoshindana na mkonge, bei ya dunia iliyoporomoka, mashamba yaliyobadilisha usimamizi baada ya kutaifishwa. Inaniuma sana kuona mtoto aliyesoma mwaka mzima akikosa alama kwa maneno mawili mafupi, si kwa Historia yenyewe. Haya ndiyo maneno ya juu. Yajue kabla ya mengine yote.

Kuhusu kusahau, usijione mjinga. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885: tunachojifunza hupotea haraka mwanzoni, na kinachokirudisha ni marudio yenye nafasi katikati. Kukesha usiku mmoja hakusaidii. Kata karatasi za manila vipande vidogo, mbele neno, nyuma ufafanuzi na sentensi yako. Tafuta boksi la viatu, ligawe sehemu tatu. Ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukilijua neno, linasonga mbele. Ukilikosa, linarudi mwanzo bila kujali lilikuwa wapi. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, aliueneza mtindo huu miaka ya 1970, na hauhitaji umeme wala bando.

Mwishoni mwa barua umeandika kwamba unaona aibu kurudia maneno ya kidato cha kwanza. Mdogo wangu, wewe wa Dakawa ndiye wa mwisho kuona aibu hiyo. Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Wengi walikimbia nchi, na baadhi wakafika Morogoro, kwenye shule ya Mazimbu ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la mpigania uhuru Solomon Mahlangu. Mwaka 1982 Tanzania ikawapa ANC na ardhi ya Dakawa. Hapo kilikuwepo kituo cha maandalizi chenye jina la Ruth First, kwa vijana ambao masomo yao yalikatizwa, waliohitaji kujengwa upya kabla ya kuendelea na shule. Walikuwa wameshaona mengi makubwa maishani, na bado walikaa darasani kuanzia pale walipoishia. Majengo yalikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992. Waulize wazee wa kijijini, wapo wanaoikumbuka jamii ile. Kisha uandike walichokuambia kwa Kiingereza chako, na "interrupt" na "resume" ziwemo.

Kazi ya wiki hii basi: maneno matano tu, yatoke kwenye vitabu vyako vya shule au kwenye lebo, si kwenye kaunta buku la kaka. Kila neno na familia yake, ufafanuzi ulioutunga, na sentensi mbili za Dakawa. Mpe mwenzako afunike. Zitakazofaulu nitumie, na zitakazokwama nitumie vilevile, nitakuonyesha pa kurekebisha.