Sindano imeshatoa seli, mbona daktari anataka tezi nzima?

SWALI: Daktari, mume wangu ana uvimbe shingoni, huu mwezi wa tano. Alimeza antibiotiki, haukupungua. Hospitalini walimchoma sindano, na majibu yakasema kuna seli zisizo za kawaida lakini ugonjwa haujulikani, tezi itolewe. Jamaa zake wanasema uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Ikiwa maabara imeshindwa, kwa nini tukubali akatwe?
Msomaji, Bukura, Kakamega

JIBU: Pole, mama, na umpe pole mzee. Maabara haikushindwa. Aliyeandika majibu hayo amekataa kubahatisha, na nashukuru kwamba amekataa.

Sindano ile hunyonya seli chache, zikapakwa kwenye kioo, zikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mara nyingi hiyo yatosha. Kifua kikuu cha tezi, ambacho huku kwetu husababisha uvimbe mwingi wa shingo usioisha, hugunduliwa hivyo. Hata limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala, na ambayo bado huwapata watoto wa magharibi mwa Kenya tayani au tumboni, sindano huweza kuiashiria haraka. Haraka hiyo ina maana, kwa sababu seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hivi.

Uvimbe usio wa kawaida ndio hutatiza. Ukipukuchua mahindi, punje zitakuambia ni mahindi, lakini hazitakuonyesha mistari ilivyokaa kwenye gunzi. Sindano nayo huleta seli bila mpangilio wake. Ugonjwa wa Castleman hutambuliwa hasa kwa mpangilio huo. Katika limfoma ya Hodgkin, seli kubwa zinazoitambulisha huweza kuwa moja tu kati ya mia, zilizobaki zote ni askari wa kawaida wa mwili, na sindano ikizikosa, kioo kitafanana na cha maambukizi. Ipo pia sarkoma ya seli za dendritiki za folikuli, saratani adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kukutana nayo. Hiyo huthibitishwa kwa kutafuta alama kama CD21 na CD35 juu ya seli, kazi inayotaka nyama ya kutosha. Magonjwa haya hayatibiwi kwa dawa moja, ndiyo maana jina kamili lina uzito.

Kuhusu kisu: kutoa tezi kwa uchunguzi hakugeuzi uvimbe kuwa saratani, wala si kisu kinachoisambaza limfoma. Wengi huamini hivyo kwa sababu wamemwona mtu akipimwa akiwa amechelewa, kisha akazidiwa. Kilichomdhuru ni ile miezi ya kungoja.

Anzeni katika hospitali ya rufaa ya Kaunti, Kakamega. Ombeni vile vioo na ripoti ya kwanza, mwende navyo. Tezi ikishatolewa huhifadhiwa kwenye formalini, na ikihitaji vipimo vya alama, yenyewe yaweza kusafirishwa hadi Eldoret, Kisumu au Nairobi huku mzee akibaki nyumbani. Ulizeni mapema inapelekwa wapi, gharama yake, na nani atawapigia simu majibu yakitoka. Sampuli nyingi huchelewa kwa kukosa wa kuzifuatilia. Apimwe pia virusi vya Ukimwi, maana majibu hayo hubadilisha orodha ya magonjwa tunayoyashuku.

Jambo moja nakuomba sana. Asipewe predinisoloni ya kununua dukani kabla ya tezi kutolewa. Uvimbe unaweza kunywea, mkafurahi, kumbe dawa imefuta dalili ambazo hadubini ingezisoma.

Akianza kupumua kwa shida, uso ukivimba au akashindwa kumeza, msingoje tarehe mliyopewa. Mpelekeni siku hiyo hiyo, hata usiku.