KUFUGA VIPEPEO KANDO YA MSITU WA ARABUKO-SOKOKE

Mkulima aliyepakana na msitu aijua taabu yake, maana nyani hawana likizo. Si ajabu basi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi wa kando ya Arabuko-Sokoke, Kilifi, walitaka msitu ukatwe, wagawiwe mashamba. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ile ni mchanga mtupu. Miti ikiondoka, mahindi hayatapata nguvu.

Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianza huko Gede. Wakulima hufuga vipepeo, na pupa zao hupelekwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio ili wawatazame wakiruka. Tangu 2019 msitu huo umo pamoja na Malindi na Watamu katika hifadhi moja inayotambuliwa na UNESCO.

Kazi yenyewe ni hivi. Vipepeo wachache wa mbegu hunaswa msituni kwa ruhusa, kisha huwekwa katika kizimba cha wavu. Wako wapendao maua, na wako wapendao ndizi zilizooza. Mayai yakianguliwa, viwavi hutaka majani, wala si majani yo yote: kila aina ina mti wake. Kuna kipepeo ambaye viwavi wake hula majani ya mdimu na mchungwa, wale wale tuwauao bustanini! Wengine miti yao ni ya msituni, na mfugaji hana budi kuotesha miche yake nyumbani. Hapa ndipo faida ya msitu ionekanapo: mti uliochomwa makaa huuzwa mara moja tu, na ukiisha, mbegu ya vipepeo imekwisha.

Walinde viwavi na siafu, mijusi na buibui. Miguu ya kizimba yafaa isimame katika mikebe ya maji. Kiwavi akijifungia akawa pupa (jina tu, kazi hii haitaki pupa), mpeleke Gede upesi. Akichelewa atatoka kipepeo njiani, nawe hulipwi.

Soko hili li mbali. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga maonyesho na kusimamisha ndege, mauzo yaliporomoka. Kwa hiyo using'oe mihogo ili kuweka vizimba. Anza na kimoja, kivulini, karibu na nyumba, na mizinga ya nyuki ibaki pale pale.