Waya wa taa uliokatika

Swali: Fundi, waya wa taa ya nyuma ulikatika, nikausokota na kuufunga tepu. Sasa taa inawaka na kuzima. Niuchomee risasi?

Jibu: Tepu hiyo itoe leo. Joto hulegeza gundi yake, maji hupenya, shaba inaota kutu ya kijani na umeme haupiti sawasawa. Risasi inashika, lakini waya hukakamaa, na mtikisiko huukata pale risasi inapoishia. Napendelea konekta ya kubana yenye mpira unaosinyaa kwa joto na gundi ndani. Konekta nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5. Fungua hasi ya betri kwanza. Kata hadi shaba inayong'aa, bana kwa koleo lake, si plaizi, kisha vuta: ukichomoka, rudia.