Jumuiya za wanafunzi vyuoni: Tujifunze kwa watu wa Suffa



Ndugu msomaji, kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba vyuo vikuu vyetu hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kijana anashuka basi kutoka Kigoma, Lindi au Tanga na begi lake mkononi. Jina lake limo katika orodha ya waliochaguliwa, lakini chumba hana, mkopo hajui kama umetoka au la, na mjini hapa hamjui mtu. Ni nani anayempokea?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo. Naona jumuiya zetu vyuoni ni hodari wa kuandaa darsa, mihadhara na futari, na Allah awalipe kheri kwa hilo. Lakini maisha yenyewe ya mwanafunzi, yaani anapolala, anachokula na anavyosoma, mara nyingi yanaachwa yajiendeshe yenyewe.

Tuchukue mfano wa Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Mabweni ya Magufuli peke yake, yaliyofunguliwa Aprili 2017, yalijengwa kuchukua wanafunzi 3,840. Pamoja na hayo, wapo wanaopanga Msewe, Changanyikeni na Sinza, na wapo "wanaobebwa", yaani wanaolala kwenye kitanda cha mwenzao aliyebahatika kupata chumba. Kubebana ni wema, lakini wema usio na mpango humfikia mwenye marafiki tu. Yule mgeni, mpole, asiye na ndugu, hubaki nje. Akichelewa kupata makazi anachelewa vipindi. Akichelewa vipindi anapata sapu. Sapu zikizidi anadisko. Baadaye tunakaa barazani tukiuliza kwa nini vijana wetu wanaohitimu ni wachache.

Suffa ilivyoendeshwa

Tukirejea katika historia, tunakuta kuwa jambo hili lilikwishapatiwa mwongozo Madina. Qibla kilipogeuzwa kutoka Baytul Maqdis kuelekea Makka katika mwaka wa pili Hijria, sehemu ya nyuma ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) iliezekwa na kuwa makazi ya wageni na mafukara waliokuja kutafuta elimu. Hao ndio Ahlus-Suffa. Kwa lugha ya leo tungesema lilikuwa bweni, tena bweni lililokuwa ndani ya msikiti.

Tazama lilivyoratibiwa. Walikuwa na walimu, Ubada bin Samit (r.a.) ni miongoni mwa waliowafundisha Qur'an na kuandika. Walikuwa na utaratibu wa chakula: Mtume (s.a.w.) aliwaagiza maswahaba kwamba mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu. Wageni wakagawanywa majumbani, kila mtu na idadi yake. Na walipewa kipaumbele katika mali. Amepokea Imam Ahmad kuwa bibi Fatma (r.a.), binti yake Mtume mwenyewe, na mumewe Ali (r.a.) walipoomba mtumishi wa kuwapunguzia kazi, Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapa wao ilhali watu wa Suffa wana njaa.

Kubwa zaidi ni habari ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Siku moja njaa ilimshika hadi akakaa njiani akitarajia mtu amkaribishe. Mtume (s.a.w.) akamwona, akaelewa, akaenda naye nyumbani. Likapatikana bakuli moja la maziwa. Abu Hurayra akatumwa awaite watu wa Suffa wote! Moyoni alisikitika, maana alijua yeye ndiye atakayewanywesha, na bakuli ni moja. Lakini alitii. Akawapitishia mmoja mmoja mpaka wote wakatosheka, kisha ndipo akaambiwa naye anywe, na Mtume (s.a.w.) akanywa wa mwisho kabisa.

Ndugu zangu viongozi wa wanafunzi, hapa pana darsa la mwaka mzima. Mratibu alikuwa na njaa kama wenzake, aliwajua watu wake na mahali pa kuwapata, na hakunywa kabla yao. Uongozi wa jumuiya ni kushika bakuli na kuhakikisha linamfikia kila mmoja.

Tufanye nini?

Kwanza, jumuiya iwe na daftari la wageni kabla chuo hakijafunguliwa. Majina yakitoka, jumuiya za shule za sekondari ziulizwe nani anakuja na hali yake ikoje.

Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aunganishwe na ndugu wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi ileile, kwa mfano wa udugu aliouweka Mtume (s.a.w.) baina ya Muhajirina na Ansari. Huyo amwoneshe maktaba, ampeleke kwenye vimbweta wanakojadiliana wenzake, na amuulize kila wiki: umekula? umeelewa somo?

Tatu, uwepo mfuko wa kukopeshana bila riba, wa kumvusha mwanafunzi ambaye bumu limechelewa. Hesabu zake zibandikwe ubao wa msikiti kila mwezi, ili shetani asipate pa kuingilia.

Nne, dada zetu wawe na uratibu wao wenyewe wenye fungu lake. Binti asiye na pa kulala yuko katika hatari ambayo kijana wa kiume haijui, na si sahihi haja zake zisubiri kikao cha wanaume.

Tano, tusijitenge na chuo. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ipo kwa ajili ya kila mwanafunzi, na serikali ya wanafunzi vilevile. Tugombee uwakilishi wa madarasa na tuwatumikie wote, Waislamu na wasio Waislamu. Ratiba ya mitihani ikigongana na Ijumaa, barua ipelekwe rasimu inapotoka. Manung'uniko ya siku ya mtihani hayamsaidii mtu.

Nawe msomaji unayeishi karibu na chuo, usidhani haya ni ya wanafunzi peke yao. Watu wa Suffa walilishwa na watu wa mjini. Una chumba cha uani? Kipangishe kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza. Una sahani ya ziada Ijumaa? Iulize jumuiya nani aletwe. Ulihitimu hapo zamani? Rudi, uchangie ule mfuko.

Katika Suratul Maidah, aya ya 2, Allah (s.w.) ametuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu. Oktoba haiko mbali. Daftari la wageni lifunguliwe sasa.

Wabillahi tawfiq.