Hita kwenye boti ya Tiwi

SWALI: Msomaji wa Tiwi, Matuga, ana boti ya faiba yenye kabini ndogo. Msimu wa kusi, wageni anaowapeleka kuvua usiku hurudi wakitetemeka. Je, afunge hita ya dizeli?

JIBU: Inawezekana, ila si lazima. Hata Julai, joto la usiku pwani hii hucheza karibu na nyuzi 20 za Selsiasi. Kinachowatetemesha ni upepo na nguo zilizolowa. Turubai la kukinga upepo, makoti ya mvua na nguo kavu vitatosha.

Akiamua kuifunga, bomba la moshi litoke nje, mbali na madirisha na mitungi ya petroli. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huua mtu usingizini. King'ora cha kuitambua kifungwe kabini kabla hita haijawashwa.