Ng'ombe Ameshiba, Mbona Maziwa Hakuna?



Mama mmoja aliuliza mkutanoni: "Nepia ninayo tele, imenipita kichwa. Ng'ombe anakula anashiba, lakini maziwa yameshuka kutoka chupa kumi hadi nne. Nimuuze?"

Mama, usimuuze bado. Ikiwa ana homa au hataki kula, mwite daktari wa mifugo. Ikiwa ana mimba kubwa, maziwa yatashuka tu. Lakini kama sivyo, twende tukaitazame hiyo nepia.

Nepia changa ina majani mengi na shina laini. Ikikomaa, shina huwa gumu kama mti na majani ya chini hukauka. Kinacholeta ugumu huo kinaitwa lignini. Katika tumbo kubwa la ng'ombe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi za nyasi. Lignini haviiwezi. Tena lignini huzishika zile nyuzinyuzi na kuzifunika, basi hata zile ambazo zingevunjika hazifikiwi. Protini nayo hupungua kadiri nyasi inavyozeeka. Na kuna jambo lingine: chakula kigumu hukawia sana tumboni. Tumbo likiwa limejaa, ng'ombe haongezi kula. Ameshiba kweli, lakini mwilini hakuingia kitu cha maana.

Basi kata nepia ikifika kiunoni hivi, kati ya sentimita 60 na 100. Wakati wa mvua ni kama kila wiki 6 hadi 8. Usiikate ikiwa ndogo mno. Ina maji mengi, ng'ombe ataharisha, na visiki vitachoka.

Wengi wetu huiacha irefuke kwa kuogopa kiangazi. Woga huo si wa bure, lakini unachoweka ni kuni. Afadhali ile inayozidi ikatwe kwa wakati, inyauke kidogo, ikatwekatwe na kushindiliwa katika mfuko wa nailoni usioingiza hewa. Wengine husema, "Mimi hukatakata, kwa hivyo hakuna shida." Kukatakata hupunguza kutupwa kwa chakula, lakini panga haliondoi lignini.

Mabua ya mahindi ni vivyo hivyo. Weka mengi, ng'ombe achague majani, mashina yaende kwenye mbolea.

Pia ongeza majani ya jamii ya maharagwe: desmodiamu, lusini au kaliandra. Haya yana protini nyingi. Kilo 3 za kaliandra mbichi hukaribia kilo 1 ya chakula cha dukani, na miti 500 hivi yatosha ng'ombe mmoja kilo 6 kwa siku, mwaka mzima. Ipande kwenye ua au kingo za matuta, haitakula shamba lako.

Kazi ya mkutano ujao: Kila mmoja alete shina moja la nepia, lililokatwa karibu na ardhi. Tutatenga majani na mashina, tupime kila fungu. Mama aliyeuliza, yako tutaipima kwanza.