Fuata Nauli: Namna ya Kuchunguza Harakati za Watu, Ukianzia Meru

Ukimpa mwanafunzi kazi ya kuandika juu ya watu waliodai haki yao wakati wa shida, mara nyingi ataanzia kwenye moshi. Ataeleza nyumba zilizochomwa, polisi, mayowe. Siku moja ataipa kurasa tatu, na miaka mitano iliyoitangulia ataipa sentensi moja. Nakusihi uanzie kwingine. Anza na nauli.

Chukua kisa cha ardhi ya Meru. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi kuuzunguka Meru na Kilimanjaro, na taarifa yake ikatoka 1947. Kutokana nayo ikaamuliwa kwamba Wameru waondoke Engare Nanyuki, pawe pa walowezi wafugaji, nao wahamie King'ori. Walikataa. Novemba 1951 polisi waliingia, makazi yakateketezwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu. Katikati ya mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Sasa jiulize: Mmeru alifikaje New York mwaka 1952? Nani alichanga, na nani alishika fedha? Hati ya malalamiko ilipigwa chapa wapi? Nani aliamua kwamba aende Kirilo na si mwingine? Pasipoti ilipatikanaje, ilhali serikali inayoitoa ndiyo inayoshtakiwa? Kila swali kati ya haya litakupeleka kwenye mlango wa mtu. Utakutana na Meru Citizens Union, chama kilichoibeba kesi hiyo. Utakutana na kahawa, kwa sababu mwenye mibuni ana cha kuchanga. Utajua kwamba aliyetoa sumni yake akarudi shambani alikuwa ndani ya harakati sawasawa na aliyepanda ndege.

Uliza pia kwa nini wakaenda New York na si London. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na watu wake waliruhusiwa kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Wakikuyu wa Kenya, ambao nao walikuwa na kilio cha ardhi, hawakuwa na mlango huo. Oktoba ya mwaka uleule wa 1952 Kenya ilitangaziwa hali ya hatari. Kwa hiyo, popote unapochunguza, tafuta milango iliyokuwa wazi na iliyokuwa imefungwa kabla hujaanza kupima ujasiri au hasira za watu.

Halafu angalia matendo yasiyo na kelele. Wameru walipewa fidia wakaikataa. Hakuna picha ya tendo hilo wala bango lake, lakini kwa mtu aliyetoka kupoteza nyumba, kuacha fedha mezani ni maandamano makubwa. Ukihesabu waliotembea barabarani tu, hawa hutawaona.

Kuzungumza na mashahidi ndiko kunakohitaji subira kuliko yote. Nilipoanza kwenda Ngarenanyuki, kama Engare Nanyuki inavyoitwa leo, nilikuwa na karatasi ya maswali niliyoiona nzuri. Unapanda gari Usa River, unapita kando ya hifadhi ya Arusha, unateremka kwenye mashamba ya nyanya. Bibi mmoja alinikaribisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikafungua daftari na kumuuliza, "Bibi, mlijisikiaje mlipofukuzwa?" Akanitazama kwa huruma. "Vibaya," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Tukanywa chai. Baadaye, karibu ya kuaga, nikamuuliza walibeba nini siku ile. Akasema mama yake alifunga mbegu za maharage kwenye pindo la kanga, na kanga hiyo hakuivua siku mbili. Novemba ni mvua za vuli. Watu waliondolewa majira ya kupanda, kwa hiyo hasara yao haikuwa nyumba tu, ilikuwa pia chakula cha miezi ijayo. Hilo nililipata kwenye pindo la kanga. Tangu siku ile siulizi mtu alijisikiaje. Nauliza alibeba nini, aliacha nini, alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimpikia.

Tarehe usimlazimishe mzee. Muulize kama ilikuwa kabla ya kipaimara chake au baada, mtoto gani alikuwa mgongoni, mvua zilikuwa zimeanza au bado. Kisha linganisha na cheti cha ubatizo au kitabu cha usharika. Majina ya mahali nayo ni ushahidi: Engare Nanyuki ni Kimaasai, maana yake maji mekundu, na jina hilo linakukumbusha kwamba ardhi hii ina historia ndefu kuliko kesi yoyote.

Makaratasi yapo. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Soma kumbukumbu za Umoja wa Mataifa. Tafuta kitabu alichokiandika Kirilo mwenyewe pamoja na Seaton, kilichotoka 1967, na kile cha Thomas Spear juu ya wakulima wa mlimani, cha 1997. Soma barua ya ofisa wa serikali kwa umakini uleule unaosoma nao hati ya malalamiko, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wa kumridhisha. Na usiwafanye Wameru kuwa mwili mmoja. Wengi wao walikuwa wakigombana na Mangi Sante, chifu wao, juu ya utawala wake hata kabla ya uhamisho. Ukiuruka ugomvi huo wa ndani, hutaelewa kwa nini chama cha raia kilipata nguvu pale ambapo mangi alizikosa.

Mambo ya karibuni yanataka tahadhari nyingine. Januari 5, 2011 watu waliuawa kwa risasi hapa Arusha mjini katika maandamano ya upinzani. Mashahidi wa siku ile bado wanafanya kazi, wanapanga nyumba, wana watoto shuleni. Omba ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na ueleze wazi maneno yatakwenda wapi. Majina yaweke kwenye daftari jingine, mbali na maelezo. Kibali cha utafiti kitafute mapema, ujitambulishe kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, ili mwenyeji wako asije akahojiwa kwa sababu yako. Mtu akisita, acha. Habari yako inaweza kusubiri.

Wala usifunge daftari siku matokeo yanapotoka. Desemba 1952 azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Anayeishia hapo ataandika kwamba walishindwa. Anayeendelea atamkuta Kirilo amerudi, anazunguka Tanganyika akisimulia aliyoyaona. Atakuta TANU inazaliwa Julai 1954, na Machi 1955 Nyerere akisimama mbele ya Baraza la Udhamini lilelile. Atawakuta Wameru wakirejea Engare Nanyuki kidogo kidogo.

Ukimaliza kuandika, rudi ukawasomee waliokupa habari. Mimi nilirudi kwa yule bibi na kurasa zangu, nikamsomea taratibu. Alinisahihisha mahali pawili. Kisha akataka nirudie aya inayomtaja jirani aliyebaki akaajiriwa kwenye shamba la mlowezi. Akasikiliza, akanyamaza, akasema anasali kanisa moja na wajukuu wa yule mzee. Nikachukua kalamu nikalifuta jina mbele yake.